Rimu za sport zikianza kuota unga mweupe: jua kwanza nani kaziharibu, ndio ukadai waranti

Nianze na kosa langu ili wewe usilirudie. Nilienda kudai waranti ya rimu nne kwa mpigo, nimevimba kabisa, nikarudi mikono mitupu kwa sababu ya rimu mbili. Yaani mbili za mbele nilikuwa na haki nazo kabisa, mbili za nyuma nilikuwa nimeziua mwenyewe bila kujua, sasa nilivyozitupia zote kwenye dai moja jamaa wa kampuni iliyotuuzia gari wakashika hizo za nyuma wakazitumia kunikatalia zote nne. Kunyoosha hiyo kitu kulinichukua miezi mitatu na vocha nyingi za simu.

Gari yenyewe ni dabo kabini tuliyonunua na kaka yangu, mpya, zero kilometa, kwa biashara ya dagaa na kayabo. Kwa wasiojua, kayabo ni sangara aliyetiwa chumvi akakaushwa, mzigo mkubwa unaenda Kongo. Asubuhi gari iko Mwaloni Kirumba hapa Mwanza, mchana Igoma, siku nyingine Sengerema, na tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe 2025 hatulali tena kwenye foleni ya kivuko kwa hiyo kilometa zinapanda kweli kweli. Mwezi wa tisa tangu tukabidhiwe, ndani ya rimu za nyuma kumeota unga mweupe mzito kama chumvi ya mawe, na kwenye uso wa rimu za mbele kuna vistari vyeupe vimejipinda pinda chini ya klia, ile rangi angavu ya juu kabisa, kama minyoo imetambaa. Nikapeleka gari. Kijana wa mapokezi akaangalia sekunde kumi akasema, "Dada hii ni hewa ya ziwa, hewa ya ziwa haina waranti." Nikaondoka nimeamini.

Hewa ya ziwa ndio jibu utakalopewa na wewe, kwa hiyo tuanzie hapo.

Ziwa Victoria ni maji baridi. Hayana chumvi ya kuhesabika, ndio hayo hayo MWAUWASA wanayavuta pale Capri Point yanasafishwa tunakunywa. Gari linalokaa Tanga au Kigamboni linapigwa na upepo wa bahari uliobeba chumvi, hilo linaeleweka, ila upepo wa Kirumba umebeba unyevu tu na harufu ya dagaa. Unyevu peke yake kwenye rimu ambayo rangi na klia yake ni nzima haufanyi kitu cha maana ndani ya miezi tisa. Tena ukitaka kuwauliza swali zuri waulize hivi: hii gari kabla haijaja Mwanza ilishushwa bandari gani, na ilikaa yadi ya pwani miezi mingapi? Maana gari yangu ilipita Dar, na chumvi ya Dar sio mimi niliyeipaka.

Sasa kwa nini alumini inaliwa. Rimu za sport nyingi ni mchanganyiko wa alumini na silikoni kidogo na magnesi, kwa hiyo kutu nyekundu ile ya chuma hutaiona, ukiona wekundu kwenye rimu ya alumini hiyo ni vumbi ya breki au nati zinatoa kutu. Alumini ikikwanguliwa inajitengenezea yenyewe ngozi nyembamba sana isiyoonekana, hiyo ngozi ndio inailinda, ndio maana sufuria za bibi zina miaka thelathini bado zinapika. Lakini hiyo ngozi ina maadui watatu: chumvi, asidi, na vitu vikali vya aina ya magadi na kostiki soda. Umeshapika makande kwa magadi kwenye sufuria ya alumini ukaona inavyogeuka nyeusi? Rimu ni ile ile sufuria, tofauti ni kwamba imepakwa rangi na inabeba familia yako ikiwa spidi themanini.

Juu ya alumini kiwandani wanaweka praima, rangi na klia. Klia ikipata tundu hata la ncha ya sindano unyevu unaingia na chumvi kidogo, halafu uharibifu unatambaa chini kwa chini bila kutoboa juu, ndio ile minyoo. Na zipo rimu ambazo uso wake umechongwa kwa mashine baada ya kupakwa rangi, zikabaki na ule mng'ao wa alumini yenyewe, hizo nzuri sana kwa macho ila ndio zinaongoza kwa ugonjwa huu, maana kwenye uso uliochongwa hakuna praima wala rangi, kuna klia tu, na kwenye kona kali klia inakaa nyembamba. Za mbele zangu zilikuwa hizo hizo (za nyuma pia, ila za nyuma tutafika). Ugonjwa ukianzia kwenye kona ya mchongo, mahali ambapo hakuna alama yoyote ya kugongwa, hapo una kesi.

Hii sehemu ya kusoma alama ndio muhimu kuliko zote kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Kaa chini kwenye kigoda, tochi ya simu mkononi, angalia rimu moja moja, mbele na nyuma yake, usiangalie umesimama.

Minyoo nimeshaieleza. Kukwaruzwa kunajulikana kirahisi, mdomo wa nje wa rimu una kovu, alumini imekwanguka, ukipitisha ukucha unakwama, na unga umeanzia kwenye lile kovu ukasambaa. Hiyo ni kingo za barabara, ni yako, au ni ya fundi pancha aliyetoa tairi kwa mitalimbo kwa pupa, vyovyote vile mtoa waranti halipi. Mawe ya barabara za vumbi yanaacha vidoti vidogo vidogo upande wa spoki unaotangulia mbele tairi likizunguka, kama ndui, na ukienda sana Sengerema vijijini au machimbo ya Geita utakuwa navyo, navyo vitabu vingi vya waranti vinavikataa kwa jina kabisa.

Asidi ina sura yake. Uso mzima wa rimu unapauka, unakuwa kama umepakwa maziwa, kuna michirizi iliyotiririka kwenda chini, na nati nazo zimepauka au zimeanza kutu kwa pamoja. Hii inatokea sana kwenye sehemu za kuoshea magari na nisieleweke vibaya, wale vijana wanafanya kazi ngumu, ila wengine wana chupa ya siri, dawa ya kusafishia tailizi za chooni, ambayo ndani yake mara nyingi kuna asidi ya hidrokloriki. Inang'arisha rimu kwa dakika moja ukampa na tipu juu. Baada ya wiki kadhaa klia inaanza kubanduka na wewe unamlaumu aliyekuuzia gari.

Halafu kuna chumvi, na hapa ndipo nilipojikuta. Chumvi inapiga kwa ndani, kwenye pipa la rimu na mgongoni, unga unakuwa mzito unatoka kwa ukucha, chini yake alumini ina vishimo, na ukiangalia jirani diski ya breki na vyuma vyote vya karibu navyo vina kutu kuliko upande mwingine wa gari. Nikajiuliza chumvi inatoka wapi Mwanza, mpaka siku moja tunapakia kayabo Mwaloni nikaona maji ya chumvi yanachuruzika kutoka kwenye bodi, yanapita kwenye tundu la kona, tap tap tap juu ya rimu ya nyuma kushoto. Miezi tisa. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Kwa hiyo ya kwanza kabla ya yote: gawa rimu zako. Zako, ulizoziua mwenyewe, weka pembeni, zao, zenye kosa la kiwandani, weka pembeni. Ukidai zile za kwao tu, mkaguzi anakosa pa kushika.

Picha piga KABLA hujaosha, halafu piga tena baada ya kuosha kwa maji na sabuni ya kawaida. Picha ya rimu nzima, picha ya karibu ya pale ugonjwa ulipoanzia, picha ya ukucha au shilingi mia pembeni ili ukubwa uonekane, picha ya kilometa kwenye dashibodi, picha ya namba ya chesisi. Ukipata nafasi gari ikiwa juu piga na mgongo wa rimu, kule kuna saizi na mara nyingi tarehe ilipomiminwa kiwandani, inaonyesha kwamba hizi ni rimu zilizokuja na gari na sio za kununua mtaani. Piga video moja ukizunguka gari zima bila kukata. Jitumie kwenye imeili siku hiyo hiyo ili tarehe ibaki, maana simu zinaibiwa na WhatsApp inafuta.

Usipeleke kwa fundi "aguse kidogo" kwanza. Ukipiga msasa tu, hata kidogo, umefuta ushahidi wako mwenyewe na umewapa sababu.

Kisha fungua kile kitabu ambacho kipo kwenye droo ya dashibodi hujawahi kukifungua. Watu wengi wanajua kitu kimoja tu, "miaka mitatu au kilometa laki moja, kitakachotangulia", na ni kweli gari nyingi mpya zinakuja hivyo au karibu na hivyo, lakini ndani kuna vyumba. Injini na gia zina muda wake, kuoza bodi mpaka kutoboka kuna muda wake tena mrefu, na vitu vya mwonekano kama rangi, kromu na uso wa rimu vinaweza kuwa na muda mfupi zaidi. Kwenye kitabu changu mwonekano wa rimu ulikuwa miezi kumi na mbili tu. Nilikuwa mwezi wa tisa! Ningesikiliza ile hewa ya ziwa mpaka Pasaka ningekuwa nimeshachelewa. Na usidanganyike na ile waranti ya kuoza ya miaka mingi, ile inazungumzia bati la bodi lililotoboka kutoka ndani kuja nje, rimu haimo.

Soma pia orodha ya visivyolipwa. Utakuta mawe, ajali, kemikali, chumvi, kinyesi cha ndege, kutotunza. Usiogope hiyo orodha, ila ujue kwamba wao ndio watatafuta kukuingiza humo, na kila neno unalolitamka pale mapokezi linaandikwa kwenye jobu kadi, ile karatasi ya kazi ya gari lako. Mimi kijana aliniuliza "unabeba nini dada?" nikajibu kwa furaha kabisa "samaki wa chumvi". Basi ikaandikwa. Sisemi udanganye, hapana, uongo kwenye waranti ni kosa na wakikushika unaweza kupoteza hata ya injini. Nasema jibu ulichoulizwa kuhusu rimu unayodai. Rimu za mbele hazidondokewi na kayabo.

Dai lifanye kwa barua. Najua tumezoea kupiga simu na kubembelezana, lakini simu haina muhuri. Andika kurasa moja, nakala mbili, moja wabaki nayo, ya pili wakugongee muhuri wa kupokea na tarehe, wakikataa kugonga tuma na imeili hapo hapo ukiwa umesimama mbele yao. Yangu ya pili, ile iliyofanya kazi, ilikuwa hivi:

"Mimi ni mmiliki wa gari yenye chesisi namba hii, niliyokabidhiwa tarehe hii. Tarehe hii, gari ikiwa na kilometa hizi, niliona klia ya rimu ya mbele kushoto na ya mbele kulia imeachia na alumini chini yake inaliwa. Mahali uharibifu ulipoanzia hakuna alama ya kugongwa wala kukwaruzwa, na rimu hizo hazijawahi kutolewa tairi wala kupakwa rangi. Naomba zikaguliwe chini ya waranti nikiwepo, na nipewe majibu kwa maandishi. Picha 12 zimeambatanishwa."

Basi. Angalia hakuna neno "kutu", hakuna neno "ziwa", hakuna matusi, hakuna historia ya ukoo. Nimesema ninachokiona na sijasema kimesababishwa na nini, hiyo kazi ya kusema sababu waachie wao, maana wakiandika sababu wataanza kuwajibika nayo. Rimu za nyuma sikuzitaja kabisa.

Siku ya ukaguzi nenda mwenyewe. Kaka yangu mkorofi nikamwacha nyumbani Mabatini, kwenye mambo haya sauti kubwa inakupunguzia heshima. Mkaguzi akaja akazunguka, kama nilivyotegemea akaenda moja kwa moja nyuma akaanza kunionyesha chumvi. Nikamwambia kaka hizo ni zangu, sijazidai, naomba tuangalie za mbele. Akanyamaza kidogo. Mbele hakukuwa na chumvi, hakukuwa na kovu, diski safi, nati safi, minyoo imeanzia kwenye kona ya mchongo kwenye spoki tatu za kushoto na mbili za kulia. Akapiga picha zake. Muulize jina lake na cheo chake na uandike mbele yake, kwa upole tu, na uombe nakala ya jobu kadi kabla hujatoka getini.

Majibu yanaweza kuja ya aina tatu. Wakikubali, uliza kabisa kutoa na kufunga tairi, balansi na valvu mpya nani analipa, na ujue kwamba rimu za zamani watazichukua wao, na kitu kipya ulichowekewa mara nyingi kinaendelea na waranti ile ile iliyobaki, haianzi upya. Wakikataa kwa mdomo, omba kwa maandishi pamoja na kipengele cha kitabu wanachokitegemea, hapa ndipo wengi wanalegea maana kuandika "hewa ya ziwa" kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni sio rahisi kama kuitamka. Na wakikataa kwa maandishi, omba hisani, yaani kampuni ichangie nusu au sehemu ya bei ya rimu mpya, hasa kama umekuwa ukifanya sevisi kwao na kitabu chako kina mihuri yote. Watu wanaona aibu kuomba hii, mimi sioni aibu gani hapo.

Ukikwama kabisa ipo Tume ya Ushindani, FCC, inayosimamia Sheria ya Ushindani ya 2003 ambayo ndani yake kuna mambo ya kumlinda mlaji. Malalamiko unapeleka na nakala za barua zako, ndio maana nikasema muhuri. Pia ipo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inayosema kwa lugha rahisi kwamba mtu ambaye biashara yake ni kuuza kitu fulani anatakiwa akuuzie kitu chenye ubora unaofaa kuuzwa, na hiyo haifutiki kirahisi kwa sababu tu kitabu cha waranti kina maandishi madogo. Kwa rimu mbili sikushauri ukimbilie mahakamani, wakili atakula zaidi ya rimu. Ila kuitaja sheria kwenye barua ya tatu, kwa mstari mmoja, haijawahi kumuumiza mtu.

Mimi za mbele nililetewa mbili mpya mwezi wa tatu baada ya barua ile.

Sasa najua asilimia kubwa ya wasomaji hawajanunua gari mpya, mna IST, mna Vitz, mna Noah, zimetoka Japani zimetumika. Huko nitakuwa mkweli, waranti ya kiwanda sahau. Kinga yako iko kabla ya kulipa. Omba karatasi ya mnada wa Japani, ile inayoandika hali ya gari, na kwenye ule mchoro wa gari tafuta herufi S na C, S ni kutu na C ni kuliwa kabisa, zikijaa upande wa chini na kwenye matairi jiulize gari limeishi wapi. Kaskazini mwa Japani kama Hokkaido barabara za theluji zinamwagiwa chumvi kipindi cha baridi, gari la huko linaweza kuwa na kilometa chache na rimu zimeoza kwa ndani. Omba picha ya ndani ya rimu, sio uso tu, uso wanaung'arisha. Ukinunua yadi hapa hapa mjini na muuzaji anakwambia "nakupa waranti mwezi mzima mama, usijali", mwambie aiandike kwenye mkataba wa mauziano, rimu zimo au hazimo. Ya mdomo inaisha gari likitoka getini.

Tuje kwenye zile za kwako mwenyewe, za kutengeneza. Kabla ya urembo, angalia kama zinavujisha upepo. Tairi kupungua psi moja au mbili kwa mwezi ni kawaida, ikipungua hivyo kwa siku mbili hapana. Jaza upepo, paka povu la sabuni pale mdomo wa tairi unapokutana na rimu, pande zote mbili, na kwenye valvu. Mapovu yakitoka kwenye mdomo ina maana alumini imeota unga pale tairi inapokaa na tairi haishiki vizuri. Hapo fundi pancha wengi watakwambia weka tyubu. Tyubu ni ya kukufikisha nyumbani, dawa ni kutoa tairi, kusugua ule mdomo mpaka unga wote uishe bila kuchimba alumini, kupaka gundi ya kuzibia mdomo na kubadili valvu. Kama baada ya kusugua unaona vishimo virefu au ufa, rimu hiyo ni skrepa. Usikubali mtu akuchomelee ufa kwenye rimu ya gari linalobeba watu, hata akiwa na gesi ya argoni na maneno matamu, moto unaidhoofisha alumini pale pembeni na haonekani mtu wa kuja kujibu ikipasuka Usagara huko.

Kupaka rangi upya ni kazi ya siku mbili ukiwa na subira. Toa tairi. Osha kwa sabuni, suuza, kausha. Toa klia na rangi yote mahali palipoathirika mpaka alumini safi, minyoo ukiipaka rangi juu inaendelea kutambaa chini ndani ya miezi michache, na hili ndilo kosa linaloua rangi nyingi za mtaani. Msasa anza namba 80 kwenye vishimo, panda 180, halafu 320, vaa barakoa vumbi la alumini sio zuri kifuani. Futa na tina. Siku hiyo hiyo pulizia praima ya alumini, isiwe praima ya kawaida ya bati maana haishiki, na usiiache ilale usiku ikiwa wazi kwa sababu ile ngozi yake inajirudia. Rangi tabaka mbili nyembamba, klia mbili au tatu, iache ikauke vizuri kabla ya kurudisha tairi.

Pale nati zinapokaa na ule mgongo unaogusana na habu (kile kitovu ambacho rimu inafungwa) USIPAKE RANGI. Ziba na tepu ya karatasi. Rangi nene pale inakandamizwa gari likitembea, nati zinalegea, na huo ndio mwanzo wa tairi kukupita barabarani ukalishangaa. Fundi mmoja Nyakato aliniambia "dada nimepaka mpaka nyuma, bonasi", nikamwomba aitoe bonasi yake.

Wakati wa balansi omba risasi, vile vizito vya balansi, za kubandika kwa ndani, zile za kubana kwa klipu ya chuma kwenye mdomo zinakwangua klia, halafu chuma na alumini vikikutana na maji vinaanza kulana. Ndio sababu hiyo hiyo rimu nyingine inagoma kutoka kwenye habu mpaka upige teke. Ukiitoa, safisha uso wa habu kwa brashi ya waya, paka grisi ya kopa kidogo sana, kama unapaka mtoto mafuta ya macho, kwenye duara la katikati tu. Kwenye bolti na nati grisi isiguse.

Kuhusu kuosha, maji na sabuni laini, sponji ya peke yake kwa ajili ya rimu ili mchanga usihamie kwenye bodi, rimu ikiwa imepoa, sio umetoka kushuka mlima wa Bugando breki zinanuka unamwagia. Mwambie kijana kabla hajaanza, kwa sauti ya kawaida, "chupa ile usiguse rimu zangu", anajua unachozungumzia. Na msiingize magari ziwani kuyaosha jamani, Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, mafuta na sabuni vinarudi kwenye dagaa zangu.

Kayabo siku hizi inapanda juu ya turubai nene lililokunjwa pembe zote nne, lile tundu la kona nimeliwekea kipande cha bomba kinachoshuka mpaka chini ya ekseli, na kila jioni dereva anapiga maji ya bomba ndani ya rimu za nyuma dakika mbili, mbele na mgongoni. Nati zikifungwa upya zifunge kwa nyota, yaani moja kisha ya upande wa pili, kwa spana ya kupimia, kipimo kipo kwenye kitabu cha gari (Toyota ndogo nyingi ni niutoni mita 103), tembea kama kilometa mia, mfano Mwanza mpaka Magu na kurudi, halafu zikaze tena gari likiwa limepoa.